Kufundisha Orodha ya Anwani katika Programu ya Tovuti

Wanachuo wengi wakabidhiwapo kikundi cha kompyuta wakati wa mazoezi ya kufundisha, huanza somo la anwani kwa kuandika ubaoni mistari ya programu na kuwataka watoto wainakili. Nasi tulifanya hivyo. Watoto walinakili vizuri, hata alama za nukuu hawakuzisahau; lakini tulipouliza, “Mtu akileta anwani hii, ni mstari upi utakaomjibu?” darasa zima lilinyamaza. Swali hilo ndilo somo lenyewe.

Yafaa kwanza tueleze jambo linavyokwenda. Kila ombi linaloifikia programu ya tovuti huja na anwani, na programu haina budi kuamua ni fungu lipi la maagizo litakaloandaa jibu. Tuchukue mfano wa Django, kiunzi cha kutengenezea programu za tovuti kilichoanzia katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Humo, uamuzi huo huandikwa katika orodha, ambayo kwa desturi hukaa katika faili liitwalo urls.py. Kila mstari hutaja umbo la anwani na fungu la maagizo litakaloitwa. Kompyuta huisoma orodha kutoka juu kwenda chini, nayo hukoma kwenye mstari wa kwanza unaolingana na anwani iliyoletwa. Haiendelei kutafuta ulio bora zaidi. Usipopatikana hata mmoja, mwombaji hurudishiwa jibu 404, yaani ukurasa haupo.

Ili watoto walione jambo hili kwa macho yao, tuliacha kompyuta zimezimwa. Mtoto mmoja alifanywa bawabu, akapewa kadi tatu zilizopangwa hivi:

wanafunzi/
wanafunzi/<str:jina>/
wanafunzi/mpya/

Kadi ya kwanza ilimpeleka mgeni kwa mtoto mwenye orodha ya darasa. Ya pili, kwa mtoto anayetafuta habari za mwanafunzi mmoja kwa jina lake. Ya tatu, kwa mtoto anayeandikisha wageni. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya pembe ni nafasi iliyo wazi: “str” hupokea maandishi yoyote, mradi yasiwe na mkwaju ndani yake.

Akaja mgeni na karatasi iliyoandikwa wanafunzi/mpya/. Bawabu alitaka kumruhusu kwenye kadi ya kwanza. Tulimzuia, kwa kuwa umbo sharti lilingane na anwani yote hadi mwisho, si mwanzo wake tu. Kadi ya pili ikalingana, na mgeni akapelekwa huko. Mwenzao akaanza kumtafuta darasani mwanafunzi aitwaye Mpya! Watoto walicheka sana, na mwalimu asiwakatize mapema, maana katika kicheko hicho wameligundua kosa ambalo hata watengenezaji programu wazoefu hulifanya.

Waachwe walirekebishe wenyewe. Wengi wataipandisha kadi ya tatu juu ya ile ya pili, nayo ni sahihi. Katika kundi letu mtoto mmoja alipendekeza kutumia namba badala ya majina. Basi tukaandika <int:namba>, ambayo hupokea tarakimu tupu; neno “mpya” haliingii hapo, hata kadi zikibaki zilivyokuwa. Twaona njia hii ya pili ni nzuri pale tu ambapo shule ina namba za namna hiyo. Namba za usajili zenye herufi au mkwaju zitakataliwa mlangoni.

Kuhusu kuipa kila kadi jina la kuitia kutoka kurasa nyingine, ili anwani ikibadilishwa viungo visivunjike, tunashauri liachwe hadi somo jingine.

Katika kupima, usiwaulize maana ya maneno. Wape karatasi wasizoziona, nao watabiri kadi itakayojibu kabla bawabu hajasoma. Moja iwe wanafunzi/mpya, bila mkwaju wa mwisho. Hakuna kadi inayolingana nayo. Lakini Django, kwa mpangilio wake wa kawaida, humwambia mgeni arudi tena na anwani ile ile iliyoongezwa mkwaju. Bawabu wetu alimfukuza.