Fahamu: Kinywa cha mzee na riziki yake

Huko Japani, ambako tangu mwaka 1989 raia wamehimizwa wafikie umri wa miaka 80 wakiwa na meno yao yasiyopungua 20, imedhihirika kwamba mzee aishiye katika makao ya kulelea wazee hudhoofika katika kula si kwa kukosa meno tu, bali pia kwa kuwa ulimi hulegea, kinywa hukauka, na koo hushindwa kumeza sawasawa, hata tonge au mate yenye vijidudu yakapotea njia na kuingia mapafuni, ndipo ikazuka nimonia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002, baada ya miaka miwili katika makao 11, ulionyesha kuwa wazee waliosafishwa vinywa kila baada ya mlo walipatwa na nimonia kwa asilimia 11, ilhali wenzao walioachwa na desturi yao walifikia asilimia 19. Na ajabu ni kwamba dawa yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mswaki na mkono wenye subira. Asiye na jino naye hana udhuru, kwani ufizi na ulimi hukusanya uchafu vilevile. Basi, ewe msomaji umtunzaye mzazi, mketishe wima alapo, na usiku mvue meno ya bandia uyasafishe.