Mkoromo wa paka

Mkoromo wa paka ni sauti nzito yenye mtetemo ambayo paka wa nyumbani (Felis catus) huitoa mdomo ukiwa umefumba, akivuta pumzi na akiishusha. Husikika mara nyingi paka anapopakatwa au anapojilaza jikoni karibu na mafiga, na kwa sababu hiyo watu wengi huichukua kuwa dalili ya furaha. Hata hivyo paka hukoroma pia akiwa na njaa, akizaa, akiwa na maumivu na hata akikaribia kufa. Kwa hiyo mkoromo peke yake hautoshi kuonyesha kwamba paka ni mzima.

Jina

Katika Kiswahili kitenzi "kukoroma" hutumika pia kwa mtu anayetoa sauti puani na kooni akiwa usingizini. Sauti hizo mbili zina asili tofauti. Mtu hukoroma kwa sababu njia ya hewa imebanwa wakati misuli ya koo imelegea. Paka hukoroma akiwa macho, na anaweza kuanza au kuacha ghafla, kwa mfano akisikia panya darini. Wengine husema paka "ananguruma", lakini neno hilo hutumika zaidi kwa simba.

Jinsi sauti inavyotokea

Sauti ya paka hutoka kwenye koromeo, mahali zilipo nyuzi sauti. Hewa ya mapafu ikipita hapo, nyuzi hutetemeka. Katika mkoromo hutetemeka polepole sana, takriban mara 25 hadi 30 kwa sekunde, yaani hezi 25 hadi 30. Kiwango hicho kiko karibu na sauti ya chini kabisa ya piano, na ndiyo maana mkono ukiwekwa juu ya kifua cha paka huuhisi mkoromo hata kabla sikio halijausikia vizuri.

Kwa muda mrefu wanasayansi walijiuliza mnyama wa kilo nne au tano anawezaje kutoa sauti ya chini hivyo, kwani kwa kawaida mnyama mdogo ana nyuzi sauti fupi na sauti nyembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 ulipima misuli ya paka wanaokoroma na kuonyesha kwamba misuli ya koromeo hukaza na kulegea kwa mpigo wa haraka, ikifunga na kufungua njia ya hewa. Kutokana na hapo ilikubalika kwamba ubongo ndio unaoamrisha kila mpigo.

Mwaka 2023 Christian Herbst wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, pamoja na wenzake, walitoa maelezo mengine. Walichukua makoromeo ya paka wanane waliokuwa wameshakufa baada ya kuugua, wakapitisha ndani yake hewa yenye joto na unyevu. Makoromeo yote yalitoa sauti ya kiwango cha mkoromo, ingawa hapakuwa na ubongo wala misuli inayofanya kazi. Watafiti hao walikuta ndani ya nyuzi sauti vijitakia vya tishu vinavyoziongezea uzito. Jambo hilo laweza kulinganishwa na gitaa: uzi mnene uliozungushiwa waya hutetemeka polepole kuliko uzi mwembamba, ingawa urefu wao ni sawa. Hata hivyo jaribio hilo halikuondoa kazi ya misuli katika paka aliye hai. Lilionyesha kwamba ubongo haulazimiki kuamrisha kila mtetemo.

Maana ya mkoromo

Mkoromo huanza mapema. Kitoto cha paka huzaliwa kikiwa hakioni wala hakisikii vizuri, lakini huhisi mtetemo. Mama akikoroma, watoto hutambua alipo na kufuata chuchu. Wao wenyewe huanza kukoroma wakiwa na umri wa siku chache tu, na wanaweza kufanya hivyo huku wakinyonya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sauti hiyo ni mawasiliano ya karibu kati ya mama na watoto, bila kelele za kumwita adui.

Paka mkubwa huitumia pia kwa binadamu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakiongozwa na Karen McComb, walilinganisha mkoromo wa paka wanaoomba chakula na ule wa paka waliotulia. Katika ule wa kuomba walikuta sauti nyembamba zaidi imefichwa ndani ya ile nzito, karibu na kiwango cha kilio cha mtoto mchanga. Wasikilizaji, hata wale ambao hawakuwahi kufuga paka, walisema sauti hiyo ina haraka zaidi na haipendezi sana.

Kwa nini paka aliyejeruhiwa hukoroma? Maelezo mojawapo ni kwamba hujituliza, kama mtoto anayenyonya kidole. Wengine wamependekeza kwamba mtetemo wenyewe husaidia mifupa na misuli kupona, kwa kuwa mitetemo ya kiwango kama hicho imeonekana kuimarisha mifupa katika majaribio ya wanyama wengine. Pendekezo hilo halijathibitishwa kwa paka.

Wapo wanaoogopa kwamba mkoromo huleta pumu. Sauti haisababishi ugonjwa. Kinachowadhuru baadhi ya watu ni protini zilizo katika mate na ngozi ya paka, ambazo huenea na manyoya na kuamsha mzio.

Jamaa wa paka

Mkoa wa Morogoro una wanyama kadhaa wa familia ya paka. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, magharibi ya milima ya Uluguru, wako simba na chui, ambao hunguruma na hawakoromi kama paka wa nyumbani. Ngurumo ya simba yaweza kusikika umbali wa kilomita 8. Paka-mwitu (Felis lybica), ambaye ndiye asili ya paka wa nyumbani, hukoroma, na vilevile mondo. Duma, ingawa ni mkubwa, hukoroma pia wala hangurumi.

Zamani tofauti hiyo ilielezwa kwa mfupa wa hioidi ulio kooni, ambao kwa simba una sehemu laini inayonyumbuka. Maelezo hayo yalidhoofika kwa sababu chui wa theluji wa Asia ana mfupa wa namna hiyo lakini hangurumi. Siku hizi umbo la nyuzi sauti hupewa uzito zaidi. Nje ya familia ya paka, mkoromo wa kweli umeripotiwa kwa kanu, jamaa ya mnyama yule anayejulikana vijijini kwa kuiba kuku.

Mkoromo na ugonjwa

Katika vijiji vya Uluguru kama vile Kinole, Matombo na Mgeta, paka hufugwa hasa kulinda mahindi na nafaka nyingine dhidi ya panya. Paka huyo hukabiliwa na hatari ya sumu, kwani anaweza kula panya aliyekula sumu ya dukani. Akirudi nyumbani, akajikunja pembeni na kukoroma, mwenye nyumba anaweza kudhani amepumzika.

Dalili nyingine ndizo zinazoamua. Paka mzima anayekoroma hulegeza mwili, hufumba macho nusu na hula kama kawaida. Paka mgonjwa hujificha, hukataa chakula, huacha kujilamba, hupumua kwa shida au hukasirika akiguswa sehemu fulani. Ufizi mweupe au kutokwa damu ni dalili ya hatari. Paka asipewe paracetamol wala dawa nyingine ya binadamu, kwa sababu paracetamol humwua hata kwa kiasi kidogo.

Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa kwanza. Mjini Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hufundisha tiba ya wanyama na kina hospitali ya wanyama. Kwa aliye mbali milimani, kumwangalia paka mwili mzima, badala ya kusikiliza sauti tu, humpa nafasi ya kutafuta msaada mapema.