Likasi, Mji wa Walaji wa Shaba

Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu: “Ni nani waliouanza mji wetu wa Likasi?” Wote wakajibu kwa sauti moja: “Wazungu, mwaka 1917!” Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli.

Katika nchi ya Italia iko miji ya vilimani, kama Assisi na Siena, ambayo watu huvuka bahari kwenda kuitazama kwa ajili ya ukale wake. Vilima vyetu havina ngome wala minara. Hazina yao ilikuwa chini ya ardhi. Lakini katika karne zile zile wazee wa Katanga walikwisha kujua kuyeyusha shaba.

Mvua zilipokoma na mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, watu walipanda vilimani. Wanaume walichimba jiwe la kijani liitwalo malakiti. Wanawake na watoto walilichagua na kuliosha mtoni. Fundi alijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, akalijaza makaa, na vijana wakavuta mivukuto ya ngozi. Ndipo shaba ilipoyeyuka ikamiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Kazi hiyo waliiita “kula shaba”, na Padre Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari zake mwaka 1926.

Msalaba huo haukuletwa na wamisionari. Ulikuwako karne nyingi kabla yao. Ulikuwa mali: ulinunua vitu, ulilipa mahari. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya kale mwaka 1957, wakaikuta misalaba imezikwa pamoja na wafu.

Jules Cornet, Mbelgiji mjuzi wa miamba, alipopita nchi hii mwaka 1892, alikuta mashimo makubwa ya wenyeji, Kambove na Likasi. Basi kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilifuata nyayo za wazee wetu. Mwaka 1931 mji ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot. Mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi.

Mgeni akija, tumwonyeshe nini? Tumpeleke kwenye mashimo yaliyokuwa vilima. Tumpeleke Mwadingusha, ambako maji ya mto Lufira yalianza kutoa umeme mwaka 1930, na ambako bwawa limezaa ziwa Tshangalele. Kisha, akipita Lubumbashi, aingie makumbusho aitazame misalaba ya shaba.

Nanyi wanafunzi wapenzi, ulizeni nyumbani. Ikiwa babu aliacha msalaba wa shaba chini ya kitanda, msiuuze kwa kilo kama chuma chakavu. Shaba nyingine itachimbwa. Lakini ushuhuda wa mkono wa babu, ukiisha kuyeyushwa, haurudi tena.