Unakwenda Machu Picchu? Lala kwanza Ollantaytambo, Cusco ije mwisho

Ndege kutoka Lima hadi Cusco, Peru, inachukua saa moja na kidogo tu. Katika muda huo mfupi abiria anapandishwa kutoka karibu usawa wa bahari hadi mita 3,400 hivi. Kwa anayeujua Mlima Kilimanjaro, ni kama kuondoka pwani asubuhi na mchana ukajikuta kati ya Mandara na Horombo, bila kutembea hata hatua moja.

Hapo ndipo safari za watu wengi zinapoharibika. Kichwa kinagonga, chakula hakishuki, usingizi hauji. Na tiketi ya Machu Picchu iliyolipiwa miezi kadhaa nyuma ni ya kesho yake asubuhi!

Dawa ya kwanza ni kupanga vizuri, nayo haina gharama: ukitua Cusco, usilale Cusco. Shuka bondeni.

Kwa nini Ollantaytambo?

Ollantaytambo ni mji mdogo katika Bonde Takatifu la Wainka, kando ya mto Urubamba. Uko mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani karibu sawa na kambi ya Mandara. Umeushinda Cusco kwa chini kwa takriban mita 600, na mwili unazisikia mita hizo usiku unapolala.

Faida ya pili ni treni. Ollantaytambo ndicho kituo kikuu cha treni za kwenda Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu. Safari ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430, chini kuliko Ollantaytambo. Kwa hiyo mpango mzuri ni huu: bondeni kwanza, Machu Picchu katikati, Cusco mwisho, mwili ukishazoea.

Kutoka Cusco hadi huko ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari. Kuna teksi, na kuna vigari vinavyoitwa colectivo, ambavyo vinaondoka vikijaa, kama daladala au matatu. Beba sol, pesa ya Peru, kwa noti ndogo ndogo.

Mwili unasemaje?

Kwenye mita 3,400, kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata pwani. Ujana na mazoezi havikukingi. Mkimbiaji hodari anaweza kuugua na bibi yake asisikie kitu.

Siku mbili za kwanza nenda polepole, kunywa maji, kula kidogo kidogo, acha pombe. Mwenye matatizo ya moyo au mapafu, na mjamzito, amwone daktari kabla ya kulipia tiketi. Daktari huyo pia ndiye wa kuulizwa kuhusu acetazolamide, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko.

Kichwa kuuma kidogo na uchovu ni kawaida. Lakini mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hiyo ni hatari ya kifo. Asiachwe alale "hadi kesho aone". Apelekwe hospitali na ashushwe chini mara moja.

Hotelini utakaribishwa chai ya majani ya koka. Peru ni halali, na wenyeji wameitumia tangu enzi. Ila jua mambo mawili: inaweza kukufanya ukutwe na kokeini kwenye kipimo cha mkojo, hivyo mwanamichezo aiepuke kabisa. Na usirudi nayo nyumbani, hata pakiti moja ya zawadi, kwa sababu katika nchi nyingi ni dawa za kulevya.

Tiketi ziko za aina ngapi?

Hapa wengi huchanganya. Tiketi ya treni ni moja. Tiketi ya kuingia Machu Picchu ni nyingine, ina saa yake na njia yake maalumu, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Inabeba jina na namba ya pasipoti, kwa hiyo beba pasipoti yenyewe, siyo picha kwenye simu.

Ya tatu ni boleto turístico, inayofungua magofu ya Ollantaytambo, Pisac, Moray, Chinchero na mengineyo. Ile kamili inadumu siku 10, lakini haikuingizi Machu Picchu.

Nunua ya Machu Picchu kwanza, halafu treni, halafu hoteli. Ukianza na hoteli unaweza kukuta siku yako imeshajaa.

Kuhusu viza, uliza ubalozi wa Peru mapema. Uliza pia kuhusu viza ya nchi utakakobadilisha ndege.

Uende lini?

Mei hadi Septemba ni kiangazi: anga safi, jua kali mchana, baridi ya kung'ata usiku. Juni hadi Agosti watu hufurika, na tarehe 24 Juni Cusco husherehekea Inti Raymi, sikukuu ya jua.

Mvua huanza kama Novemba hadi Machi. Januari 2010 mafuriko yalikata reli na maelfu ya watalii walitolewa kwa helikopta. Januari 2023 Machu Picchu ilifungwa kwa sababu ya maandamano. Basi, acha siku moja au mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi.

Anayetaka kutembea kwa miguu kupitia Njia ya Wainka ajue hufungwa kila Februari, na kwa siku huruhusiwa watu 500 tu, wapagazi wakiwemo.

Usipite tu

Wengi hushuka kwenye gari na kukimbilia treni. Wanakosa mengi. Watu bado wanaishi katika vichochoro vilivyopangwa na Wainka, maji yakitiririka kwenye mifereji ya mawe pembeni, na Kiquechua kinasikika sokoni.

Juu ya matuta kuna mawe sita makubwa mno yaliyotolewa kwenye machimbo ya ng'ambo ya mto. Mwaka 1537, hapo hapo, Manco Inca aliwarudisha nyuma Wahispania wa Hernando Pizarro, akielekeza maji uwandani hadi farasi wao wakakwama.

Mlima wa upande wa pili, Pinkuylluna, una maghala ya kale ya nafaka na hakuna kiingilio. Ila usiupande siku ya kwanza. Siku hiyo kaa uwanjani, agiza supu, tembea taratibu. Mawe hayo yamekaa miaka zaidi ya 500. Kesho utayakuta.