Salahuddin wa Riwaya na Salahuddin wa Kweli



Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu alinijia baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana kitabu kikuukuu alichokinunua kwa muuza vitabu vilivyokwisha kutumika. Jalada lake limepauka na kurasa zake zimegeuka manjano. Ni riwaya iitwayo The Talisman, maana yake Hirizi, iliyotungwa na Sir Walter Scott wa Scotland na kupigwa chapa mwaka 1825. Akaniuliza, “Maalim, kumbe Sultani Salahuddin alikuwa tabibu?”

Nakiri kwamba nia yangu ya kwanza ilikuwa kumnyang’anya kitabu hicho. Lakini nilipoiona furaha yake ya kumkuta shujaa wa Kiislamu katika kitabu cha wageni, niliona haya. Sisi walimu wake tulimpa nini cha kusoma juu ya shujaa huyo? Hatukumpa kitu. Basi nikamwambia anisomee na kunifasiria, kwani Kiingereza changu ni haba. Tukasoma kidogo kidogo kila jioni mpaka tukamaliza.

Katika riwaya hiyo, Salahuddin anajigeuza tabibu, anaingia kambini mwa adui yake, Mfalme Richard wa Uingereza, na kumponya homa kwa maji yaliyochovywa hirizi. Mwandishi anamsifu Sultani kwa uungwana na ukarimu, na kwa hilo tumshukuru. Lakini habari ya utabibu ni ya kubuni. Watawala hao wawili hawakupata kuonana uso kwa uso. Lililo kweli ni kwamba Richard alipougua mwaka 1192, Salahuddin alimpelekea matunda na theluji. Na mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu, si hirizi.

Nikamweleza kijana yale yasiyomo kitabuni. Salahuddin alipoitwaa Baitul Muqaddas tarehe 27 Rajab 583, yaani 2 Oktoba 1187, hakulipiza kisasi cha mauaji waliyofanyiwa Waislamu humo mwaka 1099. Wakazi waliruhusiwa kujikomboa kwa fidia, dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na maskini wengi wakaachiliwa bure. Wala tusifiche kwamba wengine walioshindwa kulipa walitiwa utumwani. Tukimdai mgeni ukweli, sisi wenyewe yatupasa kuwa wa kwanza kuusema.

Alipofariki Damascus mwaka 1193, kadhi wake Bahauddin ibn Shaddad aliandika kwamba hazina yake ilikutwa na dinari 1 na dirhamu 47 tu, kwa sababu mali yote alikuwa akiwagawia watu.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Maalim, hili la dirhamu 47 lanipendeza kuliko hirizi.”

Enyi wazazi, msiwakataze watoto wenu kusoma riwaya, bali kaeni nao mkisoma. Waulizeni: lipi hapa ni la kweli, na lipi limetungwa? Na karibu na riwaya hiyo wekeni nyumbani kitabu cha historia yetu, kwani mtoto asiyesimuliwa habari za wazee wake nyumbani atasimuliwa na wengine, naye atayapokea yote kuwa kweli.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.