Santuri Zangu za Tarabu: Ipi Niuze, Ipi Niweke?

Santuri kuukuu siku hizi zimekuwa mali. Wako watu wanaozizungukia mji hadi mji, na mmoja wao ameniahidi kufika hapa Kyumbi mwisho wa mwezi na pesa taslimu mkononi. Hapa, ndugu msomaji, ni njia panda: ndipo barabara ya Mombasa inapoachana na ile iendayo Machakos mjini, nami mtu wa pwani nimekaa miaka mingi nikiuza vipuri vya magari. Basi huu ni usiku wa nne nimefungua makasha, nimepangusa vumbi la malori, na kila santuri nimeisikiliza na kuipa alama katika kumi, ili bwana huyo akija asinikute sina jawabu.

Ama mkongwe wa wote ni Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya HMV. Ninayo moja ya zama zile za mizunguko 78, imemeguka ukingo. Sauti yaja kama ya mtu aimbaye nyuma ya mlango huku mvua yanyesha. Na upande mmoja hauzidi dakika tatu na kitu! Mtunzi ndiyo kwanza anafungua fumbo lake, sahani imekwisha. Kwa heshima kumi. Kwa kusikiliza, sita. Hata hivyo haiuzwi, ilikuwa ya bibi yangu.

Anazozitaka hasa yule bwana ni zile ndogo za mizunguko 45, zilizotolewa Mombasa kwa nembo ya Mzuri. Zinang'aa, jina limechapwa vizuri, na mtu akizitundika ukutani zinapendeza. Lakini wimbo humo hukatwa vipande viwili: waanza upande huu, wainuka, wageuza, waendelea. Hamu yote imeshapoa. Saba, na za Juma Bhalo nane.

Hapo kwa Bhalo naomba nituwe kidogo. Walikuwako wazee waliomlaumu kwa kuchukua tuni za filamu za Kihindi. Mimi nasema tuni ni chombo tu. Abiria ni maneno, na maneno mengi aliyoyaimba yalitoka kwa jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir, mwenye *Malenga wa Mvita*. Ni Kimvita kilichonyooka, fumbo ndani ya fumbo, mtu hulijua neno kesho yake akiwa sokoni. Sasa, maneno yale ukiyataka kamili huyapati kwenye santuri. Huyapata kwenye kaseti. Kaseti zilipoenea miaka ya 1970 zilimpa mwimbaji nusu saa kila upande, akaweza kumaliza beti zote, akarudia, na waliokuwako arusini wakasikika wakimtuza na kucheka palipochoma. Kaseti zangu za Bhalo ni mbaya kwa sura, moja imefungwa kwa utepe wa umeme. Tisa na nusu! Yule bwana nilipomtajia alisema kaseti hazichukui hata bure.

Bhalo alifariki mwaka 2014, naye alikuwa ameshaacha kuimba kabla ya hapo. Mwenzangu mmoja wa msikitini aniuliza, ikiwa mwenyewe aliacha, wewe wazihifadhi za nini? Swali zito. Jawabu langu ni kuwa nahifadhi lugha. Wanangu wamezaliwa huku bara, Kiswahili chao ni cha stendi ya mabasi, na Kimvita cha nyumbani hukisikia humo tu.

Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, sina la kubishana. Sahani yake *The Style of Mombasa*, iliyotolewa London mwaka 1990, udi wasikika kila kidole. Kumi. Maulidi Juma na *Mombasa Wedding Special*, ya mwaka huohuo: nane, na ni ya kusikilizwa na watu wengi, si peke yako. Zuhura Swaleh na tashkota yake, nane. Mke wangu asema tisa, na asikilizwe.

Yumo pia jirani wa huku, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Gitaa lake halina fumbo wala haliombi radhi. Aliimba Kikamba na Kiswahili, akafariki mwaka 1987, na mpaka leo nikimpiga dukani wateja husahau kuteta bei. Saba kwangu; kwao kumi. Huyu atauzwa, maana nakala ninazo mbili.

Basi santuri ndogo huenda zikaondoka, kwa bei nzuri, Inshallah. Kaseti zabaki. Isipokuwa moja ya Bhalo, ya arusi ya Mombasa, utepe umeliwa na mashine na beti za mwisho zimepotea. Msomaji wa Kibokoni, Kuze au Malindi aliye na nakala nzima asiitupe. Nitakuja na kaseti tupu, na halua ya njiani.