Gesi ya kiyoyozi cha gari haiishi, huvuja

Kazi ya kiyoyozi cha gari ni kulichukua joto lililomo ndani na kwenda kulimwaga nje. Mzigo huo hubebwa na gesi inayozunguka katika mabomba yaliyofungwa kabisa. Kompresa, ambayo kwenye magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini, huishindilia gesi hadi ipate presha na joto kubwa. Kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza mpaka igeuke kimiminika, kichujio hunasa uchafu na unyevu, kisha valvu ndogo huiachia kwa ghafla kwenye evapureta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Hapo kimiminika huchemka na kurudi kuwa gesi, na kwa kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani. Gesi ya R134a, iliyomo katika magari mengi ya mitumba kutoka Japani yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa.

Kwa mwenye gari, la kushika zaidi katika maelezo hayo ni kwamba mzunguko umefungwa. Gesi haichomwi kama petroli. Ni kweli kwamba mipira ya maungio huchakaa, na gari la miaka mingi hupoteza gesi kidogo kidogo. Lakini gari linalopoza vizuri siku ya kujazwa na kutoa hewa ya moto baada ya wiki chache lina tundu. Kulijaza tena bila kulitafuta tundu hilo ni kununua gesi ya kuimwaga hewani, na bado hasara haijaisha: oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo hutoka nayo. Kompresa nyingi huuawa hivyo.

Uchunguzi mzuri huanza bila spana. Hewa ikitoka kwa unyonge ingawa ni ya baridi, ubovu hauko kwenye gesi. Aghalabu kichujio cha hewa ya ndani, ambacho mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, kimeziba kwa vumbi. Zulia likilowa, mpira wa kutolea maji ya evapureta umeziba. Kiyoyozi kinachopoza gari likiwa barabarani na kuacha kupoza kwenye foleni kinaelekeza macho kwenye feni ya mbele au kwenye kondensa iliyojaa tope na wadudu, kwa kuwa gari likisimama hakuna upepo wa kuipoza isipokuwa wa feni hiyo. Kuosha kondensa kwa maji ya presha ndogo, bila kukunja mapezi yake, kumewahi kuwaokolea watu fedha nyingi.

Hewa ikiwa ya moto kabisa, kompresa ndiyo ya kuangaliwa. Katika magari yenye klachi ya sumaku, swichi ikibonyezwa husikika mlio mfupi na sahani ya mbele ya kompresa huanza kuzunguka pamoja na puli. Isiponasa, fyuzi, rilei na waya hupimwa kwanza. Hata hivyo, swichi ya presha nayo huizuia klachi isinase gesi ikiwa imepungua mno, na hilo ni ulinzi. Fundi anayeunganisha klachi moja kwa moja na betri ili kompresa izunguke kwa lazima anaizungusha bila ulainishaji wa kutosha. Kompresa za kisasa zisizo na klachi hazina mlio huo, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi.

Baada ya hapo ndipo geji hufungwa, ya bluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa. Hapa ndipo wengi hupotoka. Injini ikiwa imezimwa, katika joto la nyuzi 30, geji zote mbili za mfumo wa R134a husoma karibu psi 97, iwe gesi imejaa sawasawa au imepungua kwa kiasi kikubwa, mradi tu kimiminika kimebaki ndani. Usomaji huo hauelezi kiasi cha gesi. Injini ikiwaka na kompresa ikinasa, pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zikiwa juu zote, gesi imezidi, kondensa haipozi au kuna hewa ndani. Upande mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, kompresa imechoka. Upande mdogo ukishuka karibu na sifuri ilhali gesi ipo, njia imeziba kwenye valvu.

Tundu lenyewe huacha alama. Oili inayotoka na gesi hunasa vumbi, na kwenye maungio ya bomba, pembeni mwa kondensa iliyopigwa kokoto, au mbele ya kompresa kwenye sili ya shafti, huonekana doa jeusi lenye utelezi, ilhali chuma kinachozunguka ni kikavu. Pasipo na doa, naitrojeni kavu huingizwa kwa presha na povu la sabuni kupakwa kila ungio. Oksijeni isitumike kamwe: ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka.

Gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine, haiachiwi hewani. R12 ya zamani iliharibu tabaka la ozoni, na ndiyo iliyolengwa na Itifaki ya Montreal ya 1987. R134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko kilo ya kaboni dioksidi katika miaka 100, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanataka aina hiyo ya gesi ipunguzwe.

Tundu likishazibwa, oringi na kichujio kipya hufungwa, kisha mfumo huvakyumiwa kwa nusu saa au zaidi. Vakyumu huyachemsha maji yaliyomo na kuyatoa. Yakibaki huganda kwenye valvu na kutengeneza asidi inayokula chuma. Pampu ikizimwa, sindano isirudi. Ndipo gesi hujazwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kukisia kwa kugusa bomba kama ni la baridi hakutoshi, maana gesi ikizidi huharibu upozaji sawa na ikipungua. Gesi ya kupikia hupoza, lakini ikivujia ndani ya gari cheche moja inatosha kuwasha moto. Isikubaliwe kwa bei yoyote. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme yana nyaya za volti nyingi na oili yake maalumu, na hayamfai fundi asiyeyafahamu.

Mwenye gari anaweza kudai mambo matatu kabla ya kulipa: aonyeshwe lilipokuwa tundu, aone geji wakati wa vakyumu, na atajiwe gramu zilizoingia. Fundi anayefungua mtungi wa gesi kabla ya kutafuta tundu aambiwe asubiri.